Honeymoon na pombe ya asali ya siku 30: kuna ukweli hapa?

MC Chipukizi

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mshereheshaji, bado mchanga kwenye hii kazi, na Jumamosi nashika maiki kwenye harusi ya watu waliosoma. Bwana harusi mwenyewe ni mwalimu wa lugha, na nimeambiwa meza ya walimu wenzake itakuwa mbele kabisa, pua kwa pua na mimi. Kwa hiyo sitaki kuropoka.

Nina kipande changu ambacho huwa nakitumia kuchangamsha ukumbi kabla ya keki. Kinasema neno honeymoon lilianzia Babeli miaka 4,000 iliyopita, ambako baba wa bibi harusi alikuwa anampa mkwe wake pombe ya asali ya kunywa siku 30 mfululizo ili wapate mtoto upesi. "Honey" ni asali, "moon" ni mwezi, basi hapo hapo watu wanapiga makofi. Nilikiokota mtandaoni. Kimesambaa kila kona, ila kila kona kimeandikwa kwa maneno yale yale, hata koma zimekaa pale pale, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Swali: ni kweli, au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? Na kama si kweli, hili neno limetoka wapi? Naomba mnieleweshe, ila wale wa "nilisikia" mnipishe kidogo.

Baba Kijiwe

Tumia tu mkuu, ni kweli tupu. Hata Attila yule mfalme wa Wahun alikufa usiku wa ndoa yake kwa kubugia pombe ya asali. Wakileta ubishi hao walimu waulize Attila alikufa na nini, watanyamaza.

Kamusi Kuukuu

MC, kiweke kando hicho kipande. Kazi yangu miaka yote imekuwa kusahihisha miswada ya vitabu, na hii hadithi ya Babeli ni mgeni wangu wa kudumu. Kila anayeandika sura ya mapenzi lazima aichomeke. Nakata, wananinunia, tunaendelea.

Nimmalize kwanza Attila. Alikufa mwaka 453, na kweli ulikuwa usiku wa harusi yake na binti aliyeitwa Ildico. Habari hiyo anayo Jordanes, mwandishi wa karne ya 6, aliyeitoa kwa Priscus, mtu ambaye aliwahi kufika kwenye makao ya Attila mwenyewe. Jordanes anasema Attila alikuwa amelewa divai, akalala chali akiwa amezidiwa, damu ya pua ikashuka kooni ikamkaba. Divai, Baba Kijiwe. Nyuki hawahusiki. Halafu huo ni usiku mmoja. Hizo siku 29 nyingine tunazitoa wapi?

Tuje Babeli. Wababeli walisema Kiakadi. Ili desturi yao izae neno la Kiingereza, ilibidi ipite mahali. Wagiriki waliiitaje? Warumi je? Waingereza wa kale wenyewe je? Kwenye maandishi ya Kiingereza cha kale neno honeymoon halimo kabisa. Linaibuka katika karne ya 16, watu wa Babeli wakiwa wamekwisha kuwa vumbi muda mrefu. Na jambo jingine ambalo hawa wa pombe hawalijibu: Kiingereza kina neno lake la pombe ya asali, ni "mead", na ni la zamani sana. Katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale, mashujaa wanakaa kwenye ukumbi unaoitwa kwa jina la pombe hiyo hiyo. Mtu mwenye neno la pombe mkononi, akitaka kutaja mwezi wa kunywa pombe, kwa nini aiache pombe ataje asali?

Sasa asili yake. Mwaka 1546 John Heywood alichapisha mashairi marefu yaliyosheheni methali za Kiingereza. Kuna kijana anayesitasita: aoe msichana maskini anayempenda, au mjane mzee mwenye mali? Msimulizi anamjibu kwa kumsimulia ndoa mbili alizozishuhudia, zote mbili zikaharibika. Humo ndimo tunakutana na maneno kwamba wakati ule mambo yalikuwa bado ni "hony moone" tu. Lisikilize hilo "bado" na hilo "tu". Anayesema hivyo tayari anajua kinachokuja.

Miaka sita baadaye, 1552, Richard Huloet anaandika kamusi ya Kiingereza na Kilatini. Anaeleza kuwa ni msemo wanaotupiwa waliooana karibuni, ambao mwanzoni hawagombani bali wanapendana kupita kiasi, na mapenzi yenyewe yanaonyesha dalili ya kupoa. Wakati huo, anasema, watu wa kawaida huuita hony mone. Yaani lilikuwa neno la mtaani, la watu waliokaa pembeni wanawatazama maharusi na kukonyezana.

Anayemaliza ubishi ni Thomas Blount, mwanasheria aliyetunga kamusi ya maneno magumu iitwayo Glossographia mwaka 1656. Picha ya ukurasa huo ninayo kwenye simu na huwa naifungua nikiudhiwa. Ni maandishi ya zamani, ile herufi s ndefu inafanana na f, kwa hiyo usomaji wa kwanza unakuwa kama wa mtu mwenye kithembe. Anasema hony-moon hutajwa kwa wanandoa wanaopendana vizuri mwanzoni na baadaye mapenzi yakapungua; kisha anamalizia hivi: sasa ni asali, lakini itabadilika kama mwezi.

Umeona ulipo mtego? Mwezi anaousema Blount ni ule wa angani. Ukishakuwa mpevu, usiku unaofuata umeanza kumeguka. Siku 30 hazimo. Sisi tunateleza kirahisi zaidi kwa sababu "mwezi" wetu ni wa angani na ni wa kalenda pia, lakini hata Waingereza wenyewe waliteleza: kufikia kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, honeymoon ni mwezi wa kwanza baada ya ndoa, ambao hauna kingine ila upole na raha. Onyo limetoka, utamu umebaki. Johnson alikuwa na ulimi mkali kweli kweli, sijui, samahani, nasema tu inashangaza kwamba hapa akawa mpole. Karne ya 19 wenye uwezo wakawa na mtindo wa kusafiri baada ya harusi, neno likahamia kwenye safari, na hapo ndipo lilipo hadi leo: mtu anakwambia honeymoon yake ilikuwa ya siku nne na unamwelewa.

Kwa hiyo kwenye ile meza ya mbele, ukisema Babeli watakuacha umalize halafu watacheka kwa muda wao.

Binti Tafsiri

Shikamoo Mzee Kamusi. Nimekusoma hadi mwisho na nimekubali karibu yote, ila nina mashaka na sehemu moja. Mimi ni mfasiri, na lugha nyingi ninazokutana nazo zina hilo hilo asali na mwezi. Wafaransa wana lune de miel, Wahispania luna de miel, Waitalia luna di miele. Waarabu wanasema shahr al-asal, na shahr ni mwezi wa kalenda, si qamar wa angani. Kiwelisi ni mis mêl, nayo ni mwezi wa kuhesabu siku. Kama jambo hili ni utani wa Waingereza wa karne ya 16, limefikaje kote huko? Haiwezekani kwamba kuna desturi ya zamani iliyowaunganisha wote, nao Waingereza wakaipokea wakiwa wa mwisho?

Na kwa faida ya MC: wapo ambao hawana asali wala mwezi. Waholanzi wana "wittebroodsweken", majuma ya mkate mweupe. Wadenmaki ni "hvedebrødsdage", siku za mkate wa ngano. Wasweden wana "smekmånad", mwezi wa kubembelezana. Wajerumani wana "Flitterwochen", na hapo wengi hudhani ni majuma ya mapambo yanayometameta kwa sababu Flitter ya leo ndiyo hiyo, kumbe kitenzi cha zamani kilichomo mle kilikuwa cha kunong'onezana na kuchekacheka. Mimi hilo ndilo nalipenda kuliko yote. Kuna watu waliwasikiliza maharusi ukutani wakatunga neno.

Kamusi Kuukuu

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri na ndilo ambalo hawa wa Babeli wangelipaswa kuliuliza.

Neno likifanana katika lugha kumi, kuna njia mbili. Ama wote walirithi kwa babu mmoja, ama mmoja alitunga na wengine wakaazima maana yake kipande kwa kipande. Ukitaka kujua ni ipi, tazama miaka. Wafaransa unaowataja: Voltaire, katika hadithi yake ya Zadig ya mwaka 1748, anaandika kuwa mwezi wa kwanza wa ndoa ni mwezi wa asali na wa pili ni mwezi wa pakanga, ule mmea mchungu kama nyongo. Hiyo ni miaka 200 baada ya Heywood. Na Voltaire aliishi Uingereza tangu 1726 hadi 1728, akajifunza lugha yao vizuri hadi akaandika kwayo.

Sasa cheka kidogo. Hadithi hiyo ya Zadig inatokea wapi? Babeli! Na Voltaire anamsingizia nani msemo huo? Anasema umeandikwa katika kitabu cha Zend, maandiko ya Waajemi wa kale. Ni mzaha wake, alikuwa na tabia ya kuvisha mambo ya Ulaya mavazi ya Mashariki ili awaseme watawala na mapadri bila kukamatwa. Babeli yenye asali ninayoijua mimi ni hiyo tu, na imeandikwa na Mfaransa.

Kuhusu shahr na mis, ndivyo uazimaji unavyokuwa. Anayepokea "moon" lazima aamue ni wa angani au wa siku, maana lugha yake inamlazimisha kuchagua. Wengi waliupokea msemo ukiwa umeshageuka kuwa wa siku. Mfasiri kama wewe unalijua hilo kuliko mimi. Hata kwa Kiingereza hao wawili ni ndugu: "moon" na "month" yana mzizi mmoja, kwa hiyo kosa lenyewe si la aibu.

Ule mkate mweupe wa Waholanzi nimeupenda. Una onyo lile lile la Blount: mkate mweupe ulikuwa wa siku njema, na siku njema zikiisha unarudi kwenye mkate mweusi.

Baba Kijiwe

Attila nimemwachia. Ila jamani hivi kweli kwenye Kiingereza chote hakuna pombe hata tone kwenye mambo ya harusi? Hao watu nawajua mimi, haiwezekani.

MC Chipukizi

Mzee Kamusi umenivua nguo hadharani, ila ahsante. Tatizo sasa ni kwamba kipande kipya hakifai. Siwezi kusimama mbele ya maharusi nikawaambia "sasa ni asali ila itabadilika kama mwezi", mama wa bibi harusi atanitoa kwa mkono wake. Naunga mkono swali la Baba Kijiwe. Nipeni pombe ya kweli.

Kamusi Kuukuu

Pombe ipo, ila mmeitafuta kwenye chupa isiyo yake. Tazameni "bridal".

Leo Mwingereza akisema bridal anadhani ni kivumishi, kitu cha bibi harusi: gauni, chumba, shada la maua. Anadhani ile -al ya mwishoni ni ile ile ya "nuptial" au "royal". Siyo. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa brydealu, nalo ni maneno mawili yaliyoshikana: bryd, bibi harusi, na ealu, ambayo ndiyo "ale" ya leo, pombe ya nafaka. Pombe ya bibi harusi. Na kwa sababu sherehe iliitwa kwa jina la kinywaji chake, brydealu ikawa ndiyo harusi yenyewe. Baadaye ile ale ikamezwa katika matamshi, waliosoma Kilatini wakaiona kama mwisho wa kivumishi, ikabaki hivyo. Kwa hiyo kila duka linalouza "bridal gown" linauza, kwa maneno ya babu zao, gauni la pombe. Hilo linasemeka mbele ya mama mkwe, au silo?

Na kuna harusi moja yenye neno hilo ambayo siwezi kuipita. Mwaka 1075 Ralph, mtawala wa Anglia Mashariki, alimwoa Emma, binti wa William fitz Osbern. Sherehe ilikuwa Norwich. Kaka wa bibi harusi, Roger wa Hereford, alikuwepo, na Waltheof, mmoja wa wakubwa wa Kiingereza waliobaki, alikuwepo pia. Mfalme William, yule aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, alikuwa ng'ambo Normandy. Vikombe vikizunguka, wakubwa wakaanza kupanga kumpindua. Mpango ukavunjika. Mwandishi wa kumbukumbu za mwaka ule, mtawa aliyezoea kuandika kikavu tu kwamba fulani alikufa na fulani akawa askofu, hapa akashindwa kujizuia akatia vina: akasema kulikuwa na "brydealo" iliyokuwa "bealo" ya watu wengi. Bealo ni maangamizi. Kisha anataja yaliyowapata waliokuwa kwenye ile harusi: wengine walipofushwa, wengine walifukuzwa nchini. Waltheof alikatwa kichwa mwaka uliofuata. Bwana harusi alikimbilia ng'ambo kwa meli.

Na bibi harusi? Emma alibaki ndani ya ngome ya Norwich, jeshi la mfalme limeizingira, akakaa hadi alipopewa ahadi ya kutoka salama yeye na watu wake, ndipo naye akaondoka Uingereza. Binti aliyeolewa juzi, mume keshatoroka, analinda ngome. Wanahistoria wanapenda kuzungumza habari za wale wanaume watatu, mimi hapo macho yangu yote yako kwa Emma.

MC, hii ya 1075 usiitumie kwenye maiki. Tumia gauni la pombe ukae.

Binti Tafsiri

Hiyo ya vina siijui, nashukuru sana. Mzee, kabla hujaondoka: "bridegroom" je? Groom si mtunza farasi? Nina mswada hapa ambao mwandishi anadai bwana harusi aliitwa hivyo kwa kuwa siku ya kwanza alimtumikia mkewe mezani kama kijakazi wa kiume. Inanukia Babeli.

MC Chipukizi

Na mimi naongezea: hiyo brydealu inatamkwaje? Nisije nikaiua mbele ya meza ya walimu.

Kamusi Kuukuu

MC, ile y midomo iweke kama unasema "u" lakini ulimi useme "i", kama u ya Wafaransa. Ukishindwa sema "bruud" halafu "ealu" kama ilivyoandikwa, vokali zake mbili zikifuatana haraka bila kusimama katikati. Mkazo uwe mwanzoni. Usiseme "braid", hiyo ni ya leo.

Binti, mwandishi wako anahitaji kalamu nyekundu. Neno la kale ni brydguma. Guma lilimaanisha mwanamume tu, basi, na ni ndugu wa mbali wa homo ya Kilatini. Sasa guma likachakaa likatoka kwenye matumizi, watu wakabaki na neno ambalo nusu yake hawaielewi. Wakatafuta neno hai linalolia karibu na hilo wakaliweka mahali pake, nalo likawa groom, ambalo wakati huo lilikuwa la kijana au mtumishi wa kiume kwa jumla, kabla halijabanwa kwenye zizi la farasi. Katika Agano Jipya la William Tyndale la mwaka 1526, kwenye Yohana 3:29, tayari ni "brydegrome". Hakuna aliyetumikia meza.

Ukitaka kumwonyesha mwandishi kwamba ile r ni ya kuingizwa, mpeleke kwa majirani ambao hawakuiingiza: Wajerumani wana Bräutigam, Waholanzi bruidegom, Wasweden brudgum. Lile guma bado limo humo zima, na mswada ukirudi ukiwa bado na yule kijakazi wa kiume, niletee nimwandikie mwenyewe.